Dola 12 za Kushuka Chini ya Ardhi: Ziara ya Kituo cha Makombora cha Delta-01, Dakota Kusini

Nianze na bei, kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na kila ninayemsimulia safari hii. Kushuka chini ya ardhi katika kituo cha Delta-01, jimbo la Dakota Kusini nchini Marekani, nililipa dola 12 kwa mtu mzima na dola 8 kwa mtoto. Kulitazama kombora lenyewe katika shimo lake la Delta-09, na kuingia katika jumba la maonyesho, hakulipiwi kitu. Kwa fedha hiyo, ambayo hapa Minneapolis ninakoishi hainunui chakula cha mchana cha maana, mtu huteremshwa hadi kwenye chumba ambamo, tangu mwaka 1963 hadi 1991, maofisa wawili wawili wa jeshi la anga walikaa zamu ya saa 24 wakingoja amri ya kurusha makombora 10 ya nyuklia kuelekea Umoja wa Kisovieti. Amri hiyo haikuja, na ndiyo maana chumba kimegeuka kivutio cha watalii. Nimetembelea majumba mengi ya makumbusho katika nchi hii, na mengi yamenichosha kabla sijafika nusu. Hili sikutaka kutoka.

Mahali penyewe panaitwa Minuteman Missile National Historic Site, Minuteman likiwa jina la makombora yaliyowekwa hapo, na panasimamiwa na idara ya serikali ya hifadhi za taifa chini ya sheria iliyotiwa saini Novemba 1999. Si eneo moja bali ni matatu, yote yakiwa kando ya barabara kuu ya I-90, na mgeni asiyejipanga anaweza kujikuta akiyapita moja baada ya jingine bila kuyaona. Anayetoka mashariki hukutana kwanza na jumba la wageni, ndilo lile la maonyesho, kwenye njia ya kutokea namba 131, kisha Delta-01 kwenye namba 127, na mwisho shimo la kombora, Delta-09, kwenye namba 116. Katikati ya hapo hakuna kitu ila nyasi, ng'ombe, na upepo usiochoka. Ukitazama kusini utaona majabali ya Badlands yaliyochongwa na mvua, yenye rangi ya udongo wa chungu, na ni afadhali kuyatenga kwa siku yao peke yake.

Kuna mambo mawili ambayo ningependa kuambiwa kabla ya kuondoka nyumbani. La kwanza ni saa. Katikati ya jimbo hilo mstari wa majira unavukwa na saa inarudi nyuma, hivyo anayetoka Minnesota hufika mapema kwa saa nzima kuliko alivyokadiria. Sisi tulifika kabla ya watu wengine wote, tukakaa garini tukila mihogo ya kukaanga tuliyofungasha jana yake, imeshapoa. La pili ni nafasi. Kundi linaloshuka chini ni la watu 6 tu kwa mara moja, kwa kuwa chumba chenyewe ni kidogo, na wakati wa kiangazi nafasi hizo humalizika mapema sana, kwa hiyo tiketi ni ya kuwekewa kabla ya safari. Aidha, anayeshuka sharti awe na uwezo wa kupanda mwenyewe, bila kusaidiwa, ngazi mbili za chuma za wima zenye urefu wa mita 4 na nusu kila moja, endapo lifti itakwama. Mke wangu, ambaye goti lake halimpi nafasi, alisoma sharti hilo, akacheka, akabaki juu na kitabu chake. Nilishuka na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 12 ambaye alikuwa amekuja likizo kwetu na ambaye hadi siku ile aliamini kwamba kombora ni kitu cha michezo ya kompyuta.

Juu ya ardhi, Delta-01 ni nyumba. Sina neno jingine la kuieleza. Ni nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, yenye rangi hafifu, ya aina ambayo mfugaji yeyote wa nyanda hizo angeijenga, na ungeipita kwa gari bila kugeuza shingo kama si uzio na milingoti ya antena. Nje kuna goli la mpira wa kikapu. Ndani kuna jiko lenye sufuria zake, sebule yenye televisheni ya zamani na magazeti ya mwaka ambao kituo kilifungwa, na vyumba vya kulala vyenye vitanda vilivyotandikwa. Hapa waliishi kwa zamu msimamizi wa nyumba, mpishi na walinzi, na kazi yao ilikuwa kuwahudumia na kuwalinda wale wawili waliokuwa chini. Mwongozaji wetu, mama wa makamo aliyevaa kofia ile pana ya walinzi wa hifadhi, alisimama muda mrefu jikoni kuliko mahali pengine popote pa juu ya ardhi, akieleza jinsi chakula kilivyoagizwa na jinsi kilivyoteremshwa. Mwanzoni niliona anatupotezea wakati. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anatuandaa: alitaka tushuke tukiwa tumeshazoea wazo kwamba mahali hapa palikuwa pa kazi, penye harufu ya vitunguu na ratiba ya kufua mashuka.

Lifti hushuka mita 9 na ushee. Mlango wake ukifunguka, unakutana uso kwa uso na mlango wa pili, wa chuma na zege, wenye uzito wa tani 8, na juu ya mlango huo askari wa zamani walichora picha ambayo nadhani ndiyo inayopigwa picha kuliko kitu kingine chochote katika ziara hii. Ni boksi la piza la Domino's, kampuni inayopeleka piza hadi mlangoni, lenye rangi zake nyekundu na buluu, ila mahali pa piza pana kombora la Minuteman II, na maandishi yanaahidi kwamba mzigo utafikishwa popote duniani kwa dakika 30 au pungufu, la sivyo unaofuata ni wa bure. Dakika 30 ndiyo makadirio ya muda ambao kombora lingetumia kuruka kutoka nyanda hizi, kupita juu ya Ncha ya Kaskazini, hadi kwenye shabaha yake. Kijana aliisoma, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mjomba, kwani waliochora walikuwa wanatania, au walikuwa hawajali?" Nilimwambia amuulize mwongozaji, na mama yule akamjibu kwa upole kwamba watu wanaofanya kazi za kutisha hutania kuliko watu wengine wote, akamuuliza kama anamfahamu daktari au muuguzi yeyote. Anamfahamu: mama yake.

Chumba chenyewe kimejengwa kama kisanduku kilichotundikwa ndani ya yai. Yai ni ganda la zege nene. Kisanduku ni chumba cha chuma kinachoning'inia kwa minyororo na mitungi ya hewa minne, ili bomu likitua jirani chumba kiyumbe bila kuvunjika. Ukikanyaga pale ukingoni, kati ya mlango na sakafu, unaona upenyo na giza chini yake. Ndani kuna viti viwili vyekundu vyenye mikanda kama ya ndege, vinavyoteleza juu ya reli, kila kimoja mbele ya meza yake ya taa na vitufe. Kuna kitanda kimoja chenye pazia, choo kidogo, na kisanduku chekundu cha chuma chenye makufuli mawili, kila ofisa akiwa na lake ambalo mwenzake hajui namna ya kulifungua. Humo zilikaa funguo mbili za kurushia pamoja na namba za siri za kuhakiki amri. Matundu ya funguo yametenganishwa kwa zaidi ya mita 3, makusudi, ili mtu mmoja aliyepotewa na akili asiweze kuzizungusha zote mbili. Hata hivyo wawili hao hawakutosha. Ilihitajika jozi nyingine, katika kituo kingine, izungushe funguo zake pia ndipo makombora yaruke. Ni utaratibu wa watu ambao hawakumwamini adui, lakini pia hawakujiamini wenyewe, na kwa maoni yangu hiyo nusu ya pili ndiyo iliyotufikisha leo.

Kitu kilichonishika zaidi humo kilikuwa kidogo. Kwenye ukuta wa mwisho kuna kifuniko cha duara, njia ya kutorokea: bomba linalopanda kuelekea juu, lililojazwa mchanga, na ambalo mwisho wake haufiki usoni mwa ardhi. Baada ya vita, waliosalimika wangefungua kifuniko, wangeuacha mchanga umwagike ndani, kisha wangepanda na kuchimba udongo uliobaki kwa mikono. Walipewa koleo. Mwongozaji alisema hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza jiko, akanyamaza, na sote sita tukawa tunatazama kifuniko.

Anayekwenda huko asitegemee kwamba ziara ya chini itamweleza kwa nini mambo yalikuwa hivyo. Kazi hiyo ni ya jumba la wageni, na ndiyo sababu nashauri uanze huko. Maelezo yake ni marefu lakini yamepangwa na mtu anayejua kusimulia. Makombora ya kwanza ya Marekani ya kuvuka mabara, kama Atlas, yalitumia mafuta ya kimiminika na yalihitaji kuandaliwa kabla ya kurushwa. Minuteman ilitumia mafuta makavu, kwa hiyo ingeweza kukaa shimoni kwa miaka ikiwa tayari na kuondoka ndani ya dakika moja au mbili. Makombora 10 ya mwanzo ya aina hiyo, huko Montana, yaliwekwa tayari wakati wa mgogoro wa Cuba wa Oktoba 1962, Marekani na Wasovieti walipokaribia kupigana vita vya nyuklia, na kufikia mwisho wa muongo huo Marekani ilikuwa nayo 1,000. Magharibi ya Dakota Kusini peke yake ilipewa 150, yaliyosimamiwa na vituo 15 kama hiki, chini ya kambi ya Ellsworth karibu na mji wa Rapid City. Kila kombora la Minuteman II lilibeba kichwa cha megatani 1.2, yaani mara 80 hivi ya bomu lililoangushwa Hiroshima. Wafugaji ndio waliotakiwa kutoa vipande vya mashamba yao. Waliishi na mashimo hayo nyuma ya mazizi, wakikata nyasi hadi kwenye uzio, huku wakijua kwamba kama vita vingetokea, makombora ya Urusi yangeelekezwa hapo hapo.

Katika ukumbi huo mtu hujikuta akiongeza kimoyomoyo vibao vyake mwenyewe vya maelezo. Barabara tuliyoijia, I-90, ni tunda la sheria ya Juni 1956 ya Rais Eisenhower, na jina rasmi la mtandao huo wa barabara lina neno "ulinzi" ndani yake. Niliendesha kilomita 800 hivi juu ya Vita Baridi bila kulifikiria hilo hata mara moja. Na barabara hunikumbusha jambo ambalo wazee wetu waliosoma huku hawakuacha kulisimulia. Mwaka 1961 balozi wa Chad, Adam Malick Sow, akiwa safarini kutoka New York kwenda Washington kwa barabara namba 40, alisimama katika mgahawa wa Maryland kuomba kahawa, akanyimwa kwa sababu ya rangi yake. Nchi za Afrika zilikuwa zinapata uhuru moja baada ya nyingine, kura zao Umoja wa Mataifa zilikuwa zinatafutwa na pande zote mbili, Marekani na Wasovieti, na Moscow haikuhitaji kutunga uongo wowote kuhusu Marekani. Ilitosha kusimulia kisa cha kahawa ile. Wizara ya mambo ya nje ikalazimika kutuma watu wa kuwabembeleza wenye migahawa, na mwaka 1963 Maryland ikapitisha sheria ya kukataza ubaguzi huo. Sisemi kwamba ubaguzi uliondolewa na hofu ya Urusi. Waliouondoa ni watu weusi wa nchi ile waliopigwa na kufungwa jela. Ila hofu hiyo iliwafanya wakubwa wasikie upesi kidogo.

Kibao changu cha pili ni cha nyumbani. Marehemu baba alikuwa kijana Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Wamarekani walipojenga kisiwani kituo cha kufuatilia safari za anga za Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu angani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn, mwanaanga wa mradi huo, alipoizunguka dunia, alizungumza na kituo hicho cha Zanzibar. Baba alikuwa akisema kwamba mjini watu waligawanyika: wapo waliojivunia, na wapo waliopinga wakisema kuwa ni kituo cha kijeshi kitakacholeta mabomu juu ya vichwa vyetu. Waliopinga walichekwa, na kweli kituo chenyewe hakikuwa na silaha. Lakini roketi iliyompeleka Glenn ilikuwa Atlas, ile ile iliyoundwa kubeba kichwa cha nyuklia, na nilipoiona ikitajwa katika ukumbi wa Dakota Kusini nilitamani baba awe hai nimpigie simu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kiliondolewa mwaka huo huo, na haukupita muda Wajerumani Mashariki, wa upande wa Wasovieti, wakaja kujenga nyumba za Kikwajuni, mtaa wa mjini Unguja.

Kasoro, kama naweza kuziita hivyo, ni za mazingira zaidi kuliko za huduma. Nyumba ya wageni tuliyolala, ambayo sitaitaja, ilitutoza bei ya mjini kwa chumba chenye harufu ya moshi wa sigara, na mtu wa mapokezi alipoambiwa alitupatia mshumaa. Watoto wadogo hawaruhusiwi kushuka chini, kwa hiyo familia yenye mtoto mchanga itabidi wazazi wapokezane. Na ningeshukuru kama kundi lingekaa chumbani muda mrefu zaidi, ingawa nafahamu kwamba watu 6 wanaosimama kifua kwa mgongo hawawezi kuvumiliana sana.

Delta-09 tuliiacha mwisho. Hapa hakuna mwongozaji wa kudumu. Unapiga namba ya simu iliyobandikwa pale, unasikiliza maelezo, na unazunguka mwenyewe ndani ya uzio. Kifuniko cha shimo, zege na chuma cha zaidi ya tani 80, kimesimamishwa nusu wazi, na juu ya upenyo pamejengwa paa la kioo. Unaweka viganja usoni kuzuia mwanga, unachungulia, na kombora liko pale: jeupe, jembamba kuliko ulivyodhani, limesimama ndani ya shimo la mita 24. Ni la mafunzo, halina kichwa. Kijana alitaka kujua kwa nini kifuniko kisifungwe au kufunguliwa chote. Sababu ni mkataba wa START wa kupunguza silaha za nyuklia, uliotiwa saini na Rais Bush mkubwa wa Marekani na Gorbachev wa Umoja wa Kisovieti tarehe 31 Julai 1991: mashimo mengine ya jimbo hilo yalilipuliwa na kufukiwa, na hili lililobakizwa ilikuwa lazima lionekane kutoka angani kwamba haliwezi kutumika tena, ili setilaiti za Urusi zikipita zihakikishe. Nilimweleza pia kwamba yapo mengine 400 hivi, ya aina iliyofuata, Minuteman III, ambayo bado yako kazini Montana, Dakota Kaskazini na kuzunguka Wyoming, na kwamba wakati tunaongea walikuwepo watu wawili chini ya ardhi mahali fulani wakipasha chakula chao. Alirudi kwenye kioo akachungulia tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

Kwa huduma, nyota 5. Kwa urahisi wa kufika, nyota 3, maana ni mbali na kila kitu. Beba maji, kofia na koti la upepo hata wakati wa kiangazi, na jaza mafuta kabla. Ukimaliza, endelea magharibi dakika chache hadi mji mdogo wa Wall, wenye duka la Wall Drug lililojijengea jina tangu miaka ya 1930 kwa kuwapa wasafiri maji ya barafu bure. Kahawa huko ni senti 5. Ni nyepesi, na tulipewa bila maswali. Mke wangu alikunywa vikombe viwili.